Folda ya Wanawake

Jumanne ile Chausiku alikuwa anarudi kutoka sokoni Tandika, fungu la mchicha mkononi, aliposikia sauti ya Bi Naima mahali ambapo haikupaswa kusikika hata kwa bahati mbaya. Ilikuwa inatoka kwenye spika kubwa ya dukani kwao, ile iliyoelekezwa barabarani, na ilikuwa inaimba wimbo ambao mwanamume hausikii maisha yake yote, labda awe amejificha chini ya kitanda cha watu. Mbele ya duka walisimama wanaume kama kumi na tano: wauza nyanya, makuli, fundi baiskeli na pampu yake mkononi, wanacheka na kusukumana mabega. Mwanamke mmoja alipita ukingoni amejitanda khanga mpaka puani. Chausiku aliuachia mchicha ukaanguka hapohapo, akapenya katikati ya wanaume wale bila kuomba njia, akaingia ndani na kuchomoa waya ukutani.

Wanaume wakapiga miluzi ya kulalamika. Twaha, mwenye duka, hakukasirika hata kidogo. Alikuwa nyuma ya kaunta, macho yanamng'aa, na aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeokota pochi njiani: nyimbo za namna hiyo ziko ngapi?

Chausiku aliuzungusha waya kiganjani mwake. Hasira yake ilikuwa haijajua pa kwenda, maana nusu yake ilimhusu yeye mwenyewe. Sauti ile alikuwa amekabidhiwa yeye. Aliirekodi yeye, akaitunza yeye, na sasa fundi baiskeli wa Tandika alikuwa anaijua.

Duka lilikuwa la kurekodi kanda. Mteja analeta kaseti tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo anazotaka, kesho anakuja kuchukua. Chausiku alifanya kazi hapo miaka kumi na minne, tangu duka likiwa la marehemu Mzee Mfaume, baba yake Twaha, enzi kaseti tupu ilikuwa mali ya kufichwa chini ya godoro. Baadaye ikaja ruksa, kila kitu kikaruhusiwa kuingia, na kaseti zikauzwa barabarani kama karanga. Chausiku alibaki palepale. Pembeni alikuwa na kazi nyingine aliyoipata kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mwanamke mwenye redio kaseti. Palipokuwa na shughuli ya akina mama ambayo fundi wa kiume hawezi kuingia, aliitwa Chausiku na redio yake nyekundu. Alikaa kwenye kona, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akabana pumzi. Hakuimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, na si mbaya ya kusingiziwa, na maikrofoni ilikuwa karibu na mdomo wake kuliko wa mtu yeyote. Katika kanda zote alizorekodi, za harusi kwa za ngoma, mwanamke pekee asiyesikika ni yeye.

Bi Naima alikuwa kungwi wa Mtoni, na hapakuwa na mwali wa maana katika mitaa ile ambaye hakupita mikononi mwake. Nyimbo zake alizipokea kwa bibi yake, na huyo kwa wake. Mwaka tisini na moja aliugua kifua akadhani anakufa. Akamwita Chausiku aje na redio yake ndani, kwenye chumba cha mwali, arekodi nyimbo zote za unyago tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Sharti lilikuwa moja: sikio la mwanamume lisizifikie. Zikatoka kanda sita. Bi Naima hakufa, Alhamdulillahi. Chausiku naye akaenda na kanda zile dukani, kwa sababu nyumbani kwake paa lilivuja, na juu ya kila kasha akaandika kwa herufi kubwa KILIMO CHA KISASA. Akazipanga shelfu ya chini kabisa. Miaka minane ikapita, na Tandika nzima hakutokea mteja hata mmoja aliyetaka kusikiliza kilimo cha kisasa.

Kilichoharibu mambo ni kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka huu wa tisini na tisa Twaha alikwenda Dubai na wenzake, akarudi na kompyuta iliyotumika na maneno mengi. Alisema kanda zimekwisha, dunia imehamia humu. Akamleta na mtu wa kuiendesha, Polikarpo, mtu mzima wa Masasi, mpole, aliyekuwa karani wa shirika moja la umma mpaka shirika lilipouzwa na yeye akapunguzwa. Kazi yake ilikuwa kuzicheza kanda moja moja na kuziingiza kwenye mashine. Mwezi huohuo mume wa Chausiku akafariki. Chausiku akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, amevaa nyeupe, hatoki. Alipotoka na kurudi kazini alikuta shelfu ni tupu. Makasha yaliyokuwa yameota ukungu tangu mvua kubwa za mwaka juzi yalikuwa yametupwa jalalani. Kanda zenyewe Twaha alishazirekodia nyimbo mpya juu yake na kuziuza. Aliulizia habari za kilimo cha kisasa, Twaha akacheka, akasema labda ng'ombe wamekula. Chausiku akaomba usiku na mchana kwamba nyimbo zile ziwe zimefutika. Kompyuta aliiogopa, hakuigusa.

Sasa alijua hazikufutika. Twaha alipotoka kwenda kuswali, Chausiku alimgeukia Polikarpo na kumtaka aeleze, na Polikarpo akaeleza huku anatazama viatu vyake.

Kwao Masasi, alisema, mambo ya ngoma za ndani anayajua, maana ana mama na dada. Kwa hiyo kila kanda aliyoweka na kusikia ngoma na wanawake peke yao bila mwanamume, alizivua hedifoni, akaziweka mezani, akatoka nje kunywa kahawa mpaka kanda iishe. Hakutaka kusikia la kusikia. Lakini mtu asiyesikiliza atajuaje jina? Hakujua ipi ni ya unyago, ipi ni ya harusi, ipi ni kwaya ya akina mama wa parokiani. Zote akazitupa kwenye folda moja, akaiita WANAWAKE, kila wimbo na namba yake. Ziko mia mbili na kumi na nne.

"Nilidhani nikiziacha bila majina hakuna atakayezijua," alisema.

Chausiku alitaka kumtukana, akashindwa. Angemtukana kwa kosa lipi? Mtu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomzika Bi Naima katikati ya kwaya na vigelegele, na ndiyo iliyomfanya Twaha, katika kubahatisha namba, amfukue mbele ya wauza nyanya.

Twaha aliporudi msikitini alikuwa ameshapanga kila kitu. Kuna mfanyabiashara wa Kariakoo, anaitwa Anwar, alishamwambia habari zake kwa simu. Zitatengenezwa kanda na CD, ganda la mbele litakuwa na picha ya mwanamke aliyejitanda khanga, ziingie sokoni wakati wa Idi. Tatizo lilikuwa ile folda. Alishajaribu kuisikiliza mwenyewe, wimbo wa tatu ukawa kwaya, wa nne harusi, wa tano hakuelewa ni nini. Masikioni mwa mwanamume zote ni wanawake na ngoma. Alimtaka Chausiku akae kwenye kompyuta, azisikilize zote mia mbili na kumi na nne, na zile zenyewe aziweke folda yake peke yake, kwa mpangilio, kabla ya kuanza mfungo. Ilikuwa imebaki wiki tatu na siku.

Chausiku alikataa papo hapo. Twaha hakupandisha sauti. Alisema hakuna neno, Mtoni na Tandika kuna wanawake tele waliochezwa ngoma ile, atamtafuta mmoja mwenye njaa. Na hilo lilikuwa kweli. Chausiku alimtazama, akaiona kazi yenyewe ikipita mikononi mwa mwanamke mwingine ambaye hakumuahidi Bi Naima kitu chochote.

"Nitazipanga," alisema.

Hakusema anampangia nani.

Jioni hiyohiyo alikwenda Mtoni. Bi Naima aliishi na binti yake na mjukuu wake Najma, msichana wa miaka kumi na saba ambaye mwezi huo alikuwa amewekwa ndani. Wangemtoa Jumamosi ya vunjajungu, siku chache kabla ya Ramadhani, na jamvi la shughuli lilikuwa tayari limesimamishwa ukutani. Bi Naima mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, mgongo kwenye mto. Mwaka wa pili sasa upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na ulimi umekuwa mzito. Akili ilikuwa ileile. Kuimba ndiko kulikokuwa hakupo tena.

Chausiku aliamkia, akaitikiwa marahaba ya taratibu, kisha akapiga magoti na kusema yote. Makasha, eda, kompyuta, spika, fundi baiskeli. Hakujitetea. Bi Naima alimsikiliza macho ameyafumba, na alipofika mwisho aliuliza ni wimbo gani ulioimba barabarani. Chausiku akautaja. Bibi akatoa sauti iliyofanana na kicheko. Wanaume, alisema, watakuwa wamecheka pasipochekesha.

Chausiku akatoa shauri lake. Angezitafuta zote, azihamishie kwenye kaseti mpya, halafu azifute kwenye mashine. Safari hii kaseti zingekaa ndani ya sanduku lake, chini ya nguo za kuzikia. Bi Naima alitikisa kichwa muda mrefu.

"Kosa lilikuwa langu," alisema, neno moja moja. "Niliogopa kufa, nikaiambia mashine. Sikumwambia mtu."

Chausiku alisema akizifuta bila kuzihamisha zimekwenda, na Najma anatolewa Jumamosi ya vunjajungu, na makungwi wadogo wote wanajua kuitikia tu. Nani ataanzisha? Bi Naima alifumbua macho akamtazama, na Chausiku akajuta kuuliza.

"Sikiliza. Shika. Futa," alisema Bi Naima. "Utaanzisha wewe."

"Bibi, sauti yangu mie unaijua."

"Sauti sikukuuliza."

Alimkataza pia kuandika. Karatasi nayo ni mashine, alisema, haijui anayeisoma. Chausiku alitoka pale akashika njia ya nyumbani. Njiani aliona alichotakiwa kufanya ni upuuzi mtupu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, sauti mbaya, akariri kwa wiki tatu mambo ambayo wenzake walikua nayo. Kufika darajani alikuwa amekasirika vya kutosha kukubali.

Kesho yake alikaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Polikarpo alimwonyesha jinsi ya kuishika ile mausi, na kale kamshale kakamkimbia kwenye kioo mchana kutwa, akigusa hapa kanakwenda kule. Siku ya pili kalimzoea. Polikarpo alimfundisha kufungua folda mpya, kuipa jina, kuuvuta wimbo na kuudondosha ndani yake. Alimfundisha pia kwamba kinachofutwa hakifi papo hapo, kinakwenda kwanza kwenye pipa la taka, na mtu anaweza kukiokota humo mpaka pipa limwagwe. Alimweleza hilo mara mbili bila kuulizwa, kisha akaenda zake nje kunywa kahawa.

Hapo ndipo Chausiku alipogundua kwamba alikuwa fundi kwelikweli. Alifungua folda ya HARUSI, ya KWAYA, ya NGOMA ZA NJE, na nyingine aliyoiita UGOMVI, kwa sababu kulikuwa na kanda nzima ya wake wenza wawili wa Yombo wakirushiana maneno kwenye sherehe, na ngoma inapigwa chini yao kuwazima. Wimbo wenye kinanda ulikwenda harusini. Wenye Bwana Yesu ulikwenda kwaya. Alijua mtaa kwa mlio wa ngoma, alijua mwaka kwa sauti za watu waliokuwa hai na sasa hawapo. Siku zote kanda zilikuwa zimefuata namba, au siku ya kuletwa, au bahati. Sasa kila kitu kilipata kwao. Twaha akipita nyuma yake anaona folda zinavyojipanga, anafurahi, anamletea soda.

Ya mwisho aliiita KILIMO. Nyimbo zikaingia humo moja moja, na siku ya tano zikatimia thelathini na moja. Akazipanga kama Bi Naima alivyoziimba, ya kumwingiza mwali mpaka ya kumtoa.

Halafu akaanza kazi yenyewe. Alisikiliza wimbo mmoja mara kumi, mara ishirini, hedifoni zimebana masikio, midomo inatembea bila sauti. Nyumbani aliurudia akimenya muhogo. Aliurudia kisimani, akipanga foleni ya maji, mpaka jirani akamuuliza kama anasumbuliwa na kitu. Palipokuwa pagumu alipiga paja kwa ngumi. Kuna siku alilia kwa uchovu, si kwa huzuni. Aliyoyasikia mara moja kwenye kona, pumzi amebana, sasa aliyasikia kwa mara ya kwanza sawasawa. Humo mlikuwa na mambo ambayo laiti angeyasikiliza alipokuwa msichana, badala ya kushika vitufe, angemjua mumewe mapema zaidi. Alizijua sauti zote za waitikiaji. Katika wimbo wa kumi na saba kulikuwa na mwanamke anayeshindwa kujizuia, anacheka katikati ya kiitikio, kicheko cha tumboni, wenzake wanamnyamazisha na yeye anazidi. Chausiku alimfahamu mara moja. Marehemu mama yake Twaha alicheka hivyo hata msibani.

Alhamisi kabla ya vunjajungu Twaha alikuja dukani asubuhi amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Anwar wa Kariakoo anafika saa sita, alisema, anataka kusikia. Akavuta kiti, akasema aonyeshwe hiyo folda.

Chausiku angeweza kuifuta jana yake. Nyimbo zote thelathini na moja alikuwa nazo kichwani tangu Jumatatu. Hakutaka. Kitu kilichotolewa barabarani kweupe hakikustahili kufutwa kwa kunyemelea, na tena alitaka Twaha aone kwa macho yake. Akamwonyesha. Folda zote zilikuwa zimenyooka kwenye kioo, na mwisho wa mstari KILIMO. Twaha alicheka kwa jina lile, akanyoosha mkono kuchukua hedifoni.

Chausiku akaziwahi, akazishika.

"Wimbo wa kumi na saba," alisema, "anayecheka humo ni mama yako."

Mkono wa Twaha ulibaki hewani. Alimtazama Chausiku, akatazama kompyuta, akamtazama tena. Uso ulimbadilika ukawa wa mtoto aliyeingia chumba kisicho chake. Aliuliza ana hakika. Chausiku alisema yeye alikaa naye hatua mbili siku hiyo, na kama ana shaka amuulize dada yake, aliyekuwa pembeni anaitikia. Twaha akaurudisha mkono gotini. Nje kulikuwa na mtu anauza maji kwa kengele. Chausiku alifikiri, kwa dakika moja nzima, kwamba mambo yamekwisha kwa amani.

"Basi huo utoe," Twaha alisema. "Zinabaki thelathini."

Chausiku alikuwa amemjua mtu huyu tangu akivaa kaptula ya shule. Hakuwahi kumchukia mpaka dakika ile.

"Na wa kumi na nane ni mama wa nani?" alimuuliza. "Na wa kumi na tisa? Wote humu ni mama wa mtu, Twaha. Wako umemtoa, na mie nawatoa waliobaki."

Akageukia kioo. Kale kamshale hakakumkimbia. Akaigusa folda ya KILIMO, ikawa nyeusi, akabonyeza kitufe kama alivyofundishwa. Kijisanduku kikajitokeza katikati na maneno ya Kizungu. Polikarpo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Inauliza kama una uhakika," alisema Polikarpo.

"Da Chausiku, ukibonyeza hapo, kazi huna," alisema Twaha.

Chausiku alibonyeza. Folda ikatoweka. Twaha alivuta pumzi, na katika uso wake palipita kitu kidogo cha matumaini, maana naye alikuwa ameambiwa habari za pipa la taka. Chausiku akalifungua pipa, akaziona zote humo, akaliamuru limwagwe. Kijisanduku kikatokea tena.

"Inauliza tena," alisema Polikarpo.

"Iambie ndiyo, imezidi maswali."

Chausiku akabonyeza mwenyewe. Twaha alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Aliinua mkono, na Chausiku akabaki amekaa, amemkazia macho, anamngoja. Mkono ukashuka. Alisema mengi baada ya hapo, kwamba anamlisha, kwamba amemharibia, kwamba mshahara wa mwezi huu asahau, kwamba wanawake wa uswahilini ndiyo maana hawaendelei. Chausiku alimwacha amalize. Aliinuka, akaichukua redio yake nyekundu kwenye rafu, akaifuta vumbi kwa ncha ya khanga.

"Nimekupangia duka lako," alimwambia. "Harusi zipo, kwaya zipo, hata ugomvi upo. Kilichokuwa si chako ndicho hakipo."

Polikarpo alimpisha mlangoni kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anavyompisha mkwe. Chausiku alitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Kazi ya miaka kumi na minne ilikuwa imekwisha kwa kubonyeza mara tatu, na hofu ilimfika kifuani kama kawaida ya hofu. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaanza wimbo wa pili.

Jumamosi asubuhi chumba cha ndani nyumbani kwa Bi Naima kilijaa mpaka mlangoni. Walikuwapo makungwi wadogo, mashangazi, majirani, dada yake Twaha, na hata mke wa Twaha mwenyewe, ambaye hakusalimia wala hakuondoka. Najma alikaa kwenye jamvi, amefunikwa khanga mbili, zinaonekana ncha za vidole vya miguu tu, zimepakwa hina. Chausiku aliingia mikono mitupu. Mtu akauliza redio iko wapi leo. Akasema ameiacha nyumbani. Kwa mazoea alielekea kwenye kona yake, na Bi Naima, kwa mkono wake mzima, akapiga mkeka ubavuni pake mara mbili.

Chausiku akakaa hapo. Ngoma ikagusiwa kidogo, ikangoja. Macho yote yalikuwa kwake, na mengine hayakuwa na huruma, maana kila mtu alikuwa anajua sauti yake. Alizoea kubana pumzi chumbani humo, miaka yote, na sasa alitakiwa kuitoa.

Akaanza. Sauti ilitoka vibaya, nene pasipotakiwa, ikakwaruza kwenye neno la tatu. Upande wa dirishani msichana mmoja akacheka, na mwenzake akacheka kwa kumsikia yeye. Chausiku hakuacha. Aliuma meno kwenye mstari wa pili, akaupandisha palepale Bi Naima alipoupandisha, akaushusha palepale. Akafika katikati ya ubeti, akanyamaza, akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu, kisha akaendelea.

Bi Naima aligeuza shingo kumtazama. Kikohozi kile kilikuwa chake. Alikikohoa mwaka tisini na moja, kifua kinamuuma, katikati ya ubeti wa kwanza, na hakikuwa sehemu ya wimbo kabisa. Chausiku alikuwa amekishika na chenyewe, kwa sababu aliambiwa ashike na hakuambiwa aache nini. Bibi akaelewa. Akaanza kutikisika, mabega, kifua, upande mzima na upande uliokufa, akacheka mpaka machozi yakamshuka, akapiga paja lake kwa mkono wa kushoto. Wanawake wazee wawili, waliokuwa chumbani siku ile ya tisini na moja, nao wakakumbuka, wakapiga kelele kwa kicheko. Na kicheko kikageuka kiitikio bila mtu kujua ni saa ngapi, ngoma ikaingia chini yake, wakaitikia wote, na mke wa Twaha akaitikia, sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Chausiku akaanzisha ubeti wa pili. Zilikuwa zimebaki nyimbo thelathini.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanaume waliokuja kubeba masufuria ya pilau walikaa wanapiga soga. Walisikia ngoma, na juu ya ngoma wakasikia wanawake wakicheka. Hawakusikia kingine.